Kisima cha Jirani

Wakulima wa mwani wa kisiwa cha Rote, kusini ya Indonesia, wanafanya kazi ambayo mama yeyote wa Paje au Jambiani, Zanzibar, angeitambua kwa kuitazama mara moja. Kamba hunyoshwa kwenye maji ya kina kifupi, vipande vya mbegu hufungwa kimoja kimoja, na baada ya wiki sita hivi mwani huvunwa, huanikwa juani na kuuzwa kwa kilo. Katika miaka ya 2000 zao hili liliwainua watu wa Rote na wa mwambao wa Kupang ulio jirani. Walijenga nyumba za kudumu, wakasomesha watoto, wakaacha kutegemea mashamba ya nchi kavu peke yake.

Kuanzia Septemba 2009 wakaona vitu vigeni baharini. Mabonge ya nta, ya rangi ya manjano na kijivu, yalielea juu ya maji pamoja na utando unaong'aa. Mwani ukapauka, ukawa mweupe, ukakatika kwenye kamba. Waliojaribu kupanda tena waliona mbegu mpya nazo zikifa. Hakuna aliyekuwa amewaonya. Hawakujua kwamba zaidi ya kilomita 200 kutoka ufukwe wao, katika bahari ya nchi nyingine, kisima cha mafuta kilikuwa kimefumuka tangu tarehe 21 Agosti, na bado kilikuwa kinatapika.

Kisima hicho kinaitwa Montara. Nitakaa nacho kwa muda katika sura hii, kwa sababu yaliyowapata watu wa Rote yanaweza kuwapata watu wa pwani yetu ya Afrika Mashariki, hatua kwa hatua, iwapo serikali zitaendelea kugawa vitalu vya baharini kabla ya kuamua nani atalipa, kwa ushahidi gani, na mbele ya mahakama ya nchi ipi.

Montara ipo katika Bahari ya Timor, upande wa Australia, mahali ambapo maji hayafiki kina cha mita 100. Mwendeshaji wake alikuwa PTTEP Australasia, tawi la kampuni ya mafuta ya taifa ya Thailand. Kisima kilichofumuka, H1, kilichimbwa na kufungwa kwa muda mwezi Machi 2009, kikisubiri mtambo urudi kukimalizia. Kufunga kisima kwa muda ni kazi ya kuweka vizuizi: saruji chini ndani ya mabomba, na vifuniko vya chuma juu. Kanuni yake ni kwamba kimoja kikishindwa kuwe na kingine cha kushika. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na David Borthwick iligundua kwamba saruji ile haikukaa sawasawa, na kwamba dalili za ubovu zilikuwapo tangu siku iliyomiminwa. Kifuniko kimoja kati ya viwili vilivyokuwa vimepangwa hakikuwekwa kabisa. Kile kilichowekwa kiliondolewa mwezi Agosti, na hakikurudishwa. Mtambo ukahamia kwenye kisima cha pembeni, H1 ikaachwa wazi, na asubuhi ya tarehe 21 ikafumuka.

Watu wote 69 waliokuwa kazini waliokolewa. Mafuta yalitoka kwa siku 74. Ilibidi uletwe mtambo mwingine uchimbe kisima cha pili kwa pembeni, ukikitafuta cha kwanza chini kabisa ya sakafu ya bahari ili kukijaza matope mazito. Mara nne kilikosa. Mara ya tano, tarehe 1 Novemba, kilipata, na siku hiyo hiyo moto ukalipuka juu. Mafuta yalikoma tarehe 3 Novemba. Kampuni ilikadiria kwamba mapipa 400 yalikuwa yakitoka kila siku. Maofisa wa serikali ya Australia walisema huenda yalifika 2,000. Tofauti hiyo ni mara tano, na inatokana na jambo moja: wakati mafuta yanatoka, hakuna aliyeyapima.

Tume haikuilaumu kampuni peke yake. Idara ya Northern Territory iliyokuwa na jukumu la kuidhinisha kazi za visima ilipokea maombi na kuyapitisha bila kuuliza maswali magumu. Naomba msomaji alikumbuke hilo, maana Australia haina uhaba wa wahandisi wala wa fedha. Ilikuwa na sheria nzuri, ilikuwa na ofisi, ilikuwa na mihuri. Kilichokosekana ni mtu wa serikali mwenye ujuzi wa kuisoma taarifa ya saruji na mwenye mamlaka ya kusema kazi isiendelee. Baada ya aibu hiyo Australia iliunda mamlaka moja ya taifa, NOPSEMA, iliyoanza kazi Januari 2012, ikiwa na jukumu la usalama, uimara wa visima na mazingira kwa pamoja. Kampuni ilikiri makosa mahakamani huko Darwin na kutozwa faini ya dola za Australia 510,000. Katika fedha hizo mkulima wa Rote hakuwa na fungu.

Sasa tuone kwa nini.

Meli ya mafuta ikivunjika, dunia ilikwisha kujipanga. Mwaka 1967 meli ya Torrey Canyon ilipasuka kwenye miamba ya kusini magharibi mwa Uingereza, na kutokana na msiba huo mataifa yakaandika mkataba wa mwaka 1969, ulioboreshwa mwaka 1992. Mwenye meli hulipa hata kama hakufanya uzembe. Ni lazima awe na bima. Hasara ikizidi bima hiyo, upo mfuko wa kimataifa mjini London unaoongezea. Tanzania na Kenya ni wanachama. Mvuvi wa Pemba akipatwa na mafuta ya meli anao mlango wa kubisha, na serikali yake inajua wa kumwandikia.

Kisima cha baharini hakina mkataba wa dunia wa aina hiyo. Hakuna mfuko wa London kwa ajili ya visima, wala kanuni ya kimataifa inayomlazimisha mchimbaji kumlipa mtu wa nchi jirani. Baada ya Montara, Indonesia iliipeleka hoja hiyo kwenye Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, ikitaka mkataba uandikwe. Nchi nyingi zilikataa kwenda mbali hivyo. Mwaka 2012 mambo yaliishia kwenye ushauri kwamba majirani wakubaliane wenyewe, wawili wawili au kikanda.

Basi wakulima wakabaki na njia moja: kuishtaki kampuni katika nchi yake ya kazi. Kesi ilifunguliwa Mahakama ya Shirikisho ya Australia mwaka 2016, na mkulima mmoja wa Rote kwa niaba ya wenzake zaidi ya 15,000. Muda wa kisheria wa kudai ulikuwa umekwisha kupita, ikabidi kwanza mahakama ishawishiwe kuuongeza, nayo ikaukubali mwaka 2017. Kwa miaka yote hiyo kampuni ilishikilia kwamba mafuta yake hayakufika kwenye fukwe za Indonesia. Mnamo Machi 2021 jaji David Yates aliamua kwamba yalifika, kwamba yaliua mwani, na kwamba kampuni ilikuwa na wajibu wa kuwaangalia watu hao. Novemba 2022 pande zote zilikubaliana malipo ya dola za Australia milioni 192.5 kwa wakulima wote, na humo zilipaswa kutolewa kwanza gharama za mawakili na za waliofadhili kesi. Hesabu miaka: kutoka mwani ulipokufa hadi fedha zilipokubaliwa ni miaka 13. Mtoto aliyeacha shule mwaka ule kwa kukosa karo alikuwa mtu mzima.

Waliposhinda, walishinda kwa ushahidi wa mdomo wa wakulima wenyewe. Mmoja baada ya mwingine walieleza walichokiona: lini, wapi, rangi gani, harufu gani, kamba ngapi. Sampuli za maji ya Rote za wiki zile hazikuwapo za kutosha kumaliza ubishi, na rekodi za kilichokuwapo kabla ya mafuta zilikuwa chache. Kama jaji asingewaamini, kesi ingekufa.

Hapa napenda tuirudie Zanzibar. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza huko mwaka 1989 katika vijiji vya kusini mashariki mwa Unguja, na leo kinawashughulisha watu zaidi ya 20,000, wengi wao wanawake. Lakini mwani wa aina ya kotoni, wenye bei nzuri, umekuwa ukifa kwa miaka mingi kwa sababu ya joto la maji na maradhi yanayoufuata. Kila mkulima analijua hilo. Wakili wa kampuni yoyote ya mafuta atalijua pia. Siku utando wa mafuta utakapoingia kwenye mashamba ya Bwejuu, hoja ya kwanza ya utetezi itakuwa kwamba mwani ulikuwa unakufa tayari. Bila rekodi za miaka ya nyuma, za msimu kwa msimu na kijiji kwa kijiji, mama wa Bwejuu atajibu nini?

Kuna watakaosema ninatisha watu bure, kwamba bahari yetu ina gesi na gesi haichafui fukwe. Hoja hiyo ina ukweli wa kutosha kustahili jibu. Ni kweli kwamba Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, na Mnazi Bay, mwaka 1982, ni gesi. Ni kweli kwamba vitalu vya kina kirefu mbele ya Lindi na Mtwara, ambavyo tangu mwaka 2010 vimeipa Tanzania hazina ya zaidi ya futi za ujazo trilioni 40, ni gesi. Kisima cha gesi kikifumuka kitaua watu na kuunguza mtambo, lakini hakitaipaka Mafia lami. Hata hivyo anayechimba mahali kwa mara ya kwanza hajui atakutana na nini. Mwaka 2014 kisima cha Sunbird-1, kilichochimbwa katika bahari ya kusini mwa Kenya, kilikuta mafuta pamoja na gesi. Hayakutosha kwa biashara, ila yalithibitisha kwamba mafuta yapo chini ya bahari hii. Machi 2024 Zanzibar ilifungua zabuni ya kwanza ya vitalu vyake vya baharini. Wanaokuja kuvitafuta hawakatazwi kupata mafuta ghafi. Wengi wao hicho ndicho wanachokiomba.

Kuna pia Chongoleani. Bomba la kutoka Hoima nchini Uganda hadi hapo, kaskazini ya mji wa Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443 na limebuniwa kupitisha mapipa 246,000 kwa siku litakapofika kilele. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, ndiyo sababu bomba lazima lipashwe moto njia nzima ili yasigande. Ya Montara nayo yalikuwa ya nta, na mabonge waliyoyaokota watu wa Rote yalitokana na nta hiyo. Mafuta yakimwagika Chongoleani kutoka kwenye tangi la meli, mkataba ule wa meli utafanya kazi. Yakimwagika kutoka kwenye bomba la upande wa gati, hautafanya. Mvuvi wa Tanga akiangalia nyavu zake hataona tofauti yoyote, na sheria zetu zisimwachie yeye mzigo wa kuitafuta.

Na bahari yetu ina njia yake. Mkondo mkubwa wa kusini ya ikweta huvuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki, hulifikia bara karibu na Cabo Delgado, pale Msumbiji inapopakana na Mtwara, kisha hugawanyika. Tawi moja hushuka kusini. Jingine hupanda kaskazini likipita Mtwara, Kilwa, Mafia, Unguja, Pemba, Tanga na Mombasa, na tawi hili haligeuki mwaka mzima. Kusi ikivuma huenda mbio. Kaskazi ikivuma hupungua kasi, na mbele ya pwani ya Kenya hukutana na maji yanayoshuka kutoka Somalia, lakini halirudi nyuma. Maana yake ni kwamba ajali ya Cabo Delgado, ambako Msumbiji ilianza kusafirisha gesi ya baharini mwaka 2022 na ambako utafutaji unaendelea, ina uwezekano mkubwa wa kuwa ajali ya Tanzania. Na ya Tanzania kuwa ya Kenya. Mikoko ya delta ya Rufiji, matumbawe ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, madago ya wavuvi katika visiwa vidogo vya Kilwa, vyote vipo kwenye njia hiyo hiyo. Sisi ndio Rote wa mtu fulani, na pia ndio Montara wa mwingine.

Kwa hiyo ombi la kwanza kwa serikali zetu ni la kidiplomasia, na halihitaji kungoja kisima kichimbwe. Tanzania, Kenya, Msumbiji na Komoro ni wanachama wa Mkataba wa Nairobi wa mwaka 1985 wa kulinda bahari ya ukanda huu, pamoja na itifaki yake ya kusaidiana wakati wa dharura. Itifaki hiyo inazungumzia kusaidiana kusafisha. Haiwapi watu haki ya fidia kutokana na kisima cha jirani. Nchi za Mediterania zilijiandikia itifaki yao ya uchimbaji baharini mwaka 1994, ikaanza kutumika mwaka 2011, na ndani yake kila nchi inatakiwa kuhakikisha mchimbaji ana bima au dhamana ya kulipia madhara. Kinachotuzuia kufanya hivyo hapa sikioni. Sekretarieti ya Mkataba wa Nairobi ipo Nairobi kwenyewe, mawaziri hukutana. Itifaki yetu iseme mambo manne tu kwa lugha ya wazi: mchimbaji analipa hata bila uzembe kuthibitishwa, analipa hata aliyeumia ng'ambo ya mpaka, mwathirika anaruhusiwa kudai katika mahakama ya nchi yake mwenyewe, na muda wa kudai uanze kuhesabiwa siku madhara yanapojulikana.

Miezi minane baada ya Montara dunia ilipata somo la pili. Tarehe 20 Aprili 2010 mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Meksiko. Watu 11 walikufa, na siku mbili baadaye mtambo ukazama. Kisima chake, Macondo, cha kampuni ya BP, kilikuwa chini ya mita 1,500 za maji. Saruji tena ilishindwa. Kipimo cha shinikizo kilichoonyesha kwamba gesi inaingia kilisomwa kana kwamba mambo ni salama. Mtambo wa chuma uliokaa sakafuni mwa bahari, uliotengenezwa ukate bomba na kuziba kisima wakati wa hatari, haukuziba. Mafuta yalitoka kwa siku 87.

Yameandikwa mengi juu ya msiba huo na sitayarudia yote. Ninachotaka kukikazia ni unyonge wa serikali. Taifa lenye manowari na setilaiti lilijikuta halina chombo chake hata kimoja cha kuziba kisima kwa kina kile. Ilibidi limtegemee aliyesababisha. Kadirio la kwanza lilisema mapipa 1,000 kwa siku yanatoka. Likapandishwa hadi 5,000. Wanasayansi walipopata video na kuhesabu wenyewe, walifika kwenye zaidi ya 50,000. Idadi hiyo si ya kuridhisha udadisi tu, kwani sheria ya Marekani hutoza faini kwa kila pipa. Baadaye BP ilikiri mahakamani kosa la kulificha Bunge la Marekani ukweli kuhusu kiasi hicho, pamoja na makosa 11 ya kusababisha vifo. Waziri wa nishati wa nchi yoyote ya pwani yetu aliweke hilo mezani: siku ya ajali, namba utakayotangaza kwa wananchi itatoka kwa nani? Kama jibu ni "kwa kampuni", basi namba hiyo haijawa yako.

Mipango nayo ilikuwapo, kwenye karatasi. Mpango wa BP wa kukabili mafuta katika Ghuba uliwataja walrasi, mnyama wa barafu za kaskazini asiyeishi maji ya moto ya Louisiana, na ulimworodhesha mtaalamu wa kasa aliyekwisha kufariki miaka kadhaa nyuma. Mbele ya kamati ya Bunge ilibainika kwamba mipango ya kampuni nyingine kubwa ilikuwa karibu nakala ya huo. Serikali ilikuwa imeipitisha yote. Ofisi iliyoipitisha, MMS, ndiyo iliyokuwa ikigawa leseni na kukusanya mrabaha, na ofisi inayosifiwa kwa mapato haina hamu ya kusimamisha kazi. Baada ya msiba iligawanywa vipande vitatu. Kwa hili Tanzania ilifanya jambo jema mapema: Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 iliunda mamlaka ya PURA na kuipa udhibiti, ikiuondoa mikononi mwa TPDC, shirika ambalo lenyewe lina hisa katika biashara. Msingi ni mzuri. Unachohitaji sasa ni wahandisi wa visima walioajiriwa na serikali, wenye mshahara wa kuwafanya wasikimbilie kampuni wanazozikagua, na helikopta isiyosubiri kutolewa na mwenye mtambo. Mipango ya kampuni ya kukabili ajali ichapishwe pia, kwa Kiswahili, ili wavuvi wa Kilwa waisome na waseme kama wanyama na fukwe zilizotajwa humo wanazifahamu.

Fedha ndizo zilizonishangaza zaidi. Sheria ya Marekani wakati ule ilimwekea mchimbaji kikomo cha dola milioni 75 kwa fidia ya hasara. BP iliweka kando dola bilioni 20 kwa sababu Rais Obama aliibana hadharani na kwa sababu ilikuwa na uwezo. Mwaka 2015 ilikubali kulipa dola bilioni 20.8 kumaliza madai ya serikali kuu na ya majimbo matano. Jiulize kingetokea nini kama mwenye kisima angekuwa kampuni ndogo yenye ofisi ya vyumba viwili katika kisiwa cha kukwepa kodi. Ghuba hiyo hiyo ina mfano. Mwaka 2004 kimbunga Ivan kiliangusha jukwaa la kampuni ya Taylor Energy, visima vyake vikaendelea kumwaga mafuta baharini hadi mwaka 2019, kikosi cha ulinzi wa pwani kilipofunga kifaa cha kuyakinga mafuta. Nafuu pekee ni kwamba serikali ilikuwa imeilazimisha kampuni kuweka fedha katika amana. Kwa hiyo mwaka 2021 zilikuwapo dola milioni 432 za kuikabidhi serikali kwa kazi ya kufunga visima. Dhamana ya namna hiyo ndiyo inayopaswa kuwa sharti la kila leseni ya baharini hapa kwetu, na ikae benki kabla meli ya kuchimba haijang'oa nanga.

Kisha fedha zikipatikana, swali ni nani atazipata. Louisiana ina jamii kubwa ya wavuvi wa kamba wenye asili ya Vietnam. Madai yalitaka hati za kodi na risiti. Wengi waliouza kwa fedha taslimu bandarini, au waliokuwa wakirudi na sehemu ya samaki kulisha familia, walijikuta hawana karatasi ya kuthibitisha walichokipoteza. Pwani yetu karibu yote inaishi hivyo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru wavuvi takriban 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari, na kazi ya kuhakiki majina, ni nani mvuvi na nani si mvuvi, ikachukua miaka. Huo ulikuwa mradi uliojulikana tarehe yake ya kuanza. Mafuta hayatangazi siku yatakapofika.

Kuna jambo jingine la wakati ambalo lazima liamuliwe mapema. Katika Macondo zilimwagwa kemikali za kutawanya mafuta karibu lita milioni 7, baadhi yake zikipulizwa kwenye mdomo wa kisima chini kabisa. Kemikali hizi huyavunja mafuta yawe matone madogo yanayozama na kuchanganyika na maji. Ufukwe huokoka, mayai ya samaki na matumbawe hulipa. Katika bahari kuu uamuzi huo unaweza kuwa sahihi. Juu ya matumbawe ya Mafia au ya Mnemba ungekuwa maafa. Ramani ya wapi zinaruhusiwa na wapi ni marufuku lazima ichorwe na watafiti wa bahari, pamoja na wavuvi wanaojua samaki wanazaliana wapi, na isainiwe wakati kila mtu bado ana utulivu. Usiku wa ajali, mbele ya kamera, waziri atakubali chochote kitakachofanya utando upotee machoni.

Halafu vifaa. Baada ya Macondo, kampuni za mafuta ziligharimia vifuniko vikubwa vya kuziba visima vya kina kirefu na kuviweka katika vituo vinne duniani: Norway, Brazili, Singapore na Saldanha nchini Afrika Kusini. Cha karibu nasi ni cha Saldanha, upande wa Atlantiki, na ili kifike Mtwara lazima kizunguke rasi na kupanda mlango wote wa bahari wa Msumbiji. Hiyo ni safari ya siku nyingi hata meli ikiwa tayari na bahari ikiwa tulivu. Wakati huo wote maboya ya kuzuia mafuta yatakayokuwapo Kilwa na Mafia ni yale tu yaliyonunuliwa na kuhifadhiwa kabla, na watu watakaoyavuta ni wale waliofundishwa kabla. Vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, BMU, vipo Tanzania bara na Kenya. Kamati za wavuvi za shehia zipo Zanzibar. Wapewe mafunzo, glavu, simu za upepo na posho ya mazoezi ya kila mwaka, na gharama zote zidaiwe kwa wenye vitalu.

Kazi ya rekodi ndiyo rahisi kuliko zote na inaweza kuanza msimu huu. Mwani unaponunuliwa Zanzibar hupimwa kwa mizani, na mnunuzi huandika. Samaki wanaponadiwa kwenye diko, mnada una hesabu yake. Taasisi za utafiti wa bahari na uvuvi zina maabara za kupima maji na mchanga. Wizara zinazohusika ziagize namba hizo zikusanywe kila mwezi, kijiji kwa kijiji, jina la mkulima na idadi ya kamba zake zikiwamo, pamoja na sampuli za maji kabla ya kusi na kabla ya kaskazi. Mkataba wa kitalu kinachofuata usisainiwe kabla daftari hizo hazijafikisha angalau mwaka mmoja, na nakala ya kila daftari ibaki kijijini, kwa sheha au mwenyekiti, ambako mama mwenye kamba zake anaweza kwenda kuidai mwenyewe.